Kumsimamia mfanyakazi usiyemwona: mwongozo kamili kwa mameneja wa Malindi

Malindi imezoea mkubwa wa kazi asiyekuwepo. Tangu zamani kuna nyumba za wageni upande wa Casuarina na kule Watamu ambazo wenyewe wanaishi Italia. Wanakuja Disemba, wanaondoka baada ya Pasaka, na miezi iliyobaki nyumba iko mikononi mwa mtunza nyumba, mpishi na mtu wa bustani. Nyumba nyingine ukiingia unakuta kila kitu kiko mahali pake. Nyingine bwawa la kuogelea limegeuka kijani na bili ya stima haijalipwa. Umbali ni ule ule. Kinachotofautisha nyumba hizo ni vile mwenyewe alivyopatana na watu wake kabla ya kupanda ndege.

Kwa watu wa afisini jambo hili liliingia ghafla. Tarehe 15 Machi 2020, siku mbili baada ya Kenya kutangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, serikali iliwataka waajiri wawaruhusu watu wafanyie kazi nyumbani. Hoteli zikafungwa moja baada ya nyingine, na waliobaki na kazi, yaani watu wa buking, wa hesabu, wa ununuzi na wa matangazo, wakabeba laptopu wakaenda nazo Maweni, Barani, Ngala na Majengo. Korona ikapita. Kuna waliorudi afisini, kuna wasiorudi tena, na wengi siku hizi wako nusu kwa nusu. Usimamizi ndio uliobaki nyuma. Bado kuna meneja anayepiga simu saa mbili unusu asubuhi kuuliza "umeshaamka?" na kuna mwingine aliyeacha kuuliza kabisa, anangoja mwisho wa mwezi aone kilichotokea. Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya wote wawili.

Kabla ya yote: jua ulichopoteza na ambacho hukupoteza

Afisini meneja hutegemea macho. Ukimwona mtu mezani pake tangu saa mbili hadi saa kumi na moja, moyo unatulia, hata kama hujui amefanya nini. Mtu huyo akihamia nyumbani, utulivu ule unaondoka, na wahenga wanakuja masikioni: fimbo ya mbali haiui nyoka. Wasiwasi huu hauko Malindi peke yake. Mwaka 2022 Microsoft iliwauliza wafanyakazi na wakubwa wa kazi katika nchi nyingi. Wafanyakazi 87 kati ya kila 100 walisema wanafanya kazi ya kutosha. Wakubwa 85 kati ya kila 100 walisema mtindo wa nusu nyumbani nusu afisini umewawia vigumu kuwa na hakika na hilo.

Nani mkweli? Utafiti wa Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake, uliochapishwa mwaka 2015, unaufaa sana mji wa watalii kama wetu kwa sababu watu waliochunguzwa walikuwa wa kampuni ya safari ya Ctrip, huko China. Kazi yao ilikuwa kupokea simu za wateja na kushughulikia buking za hoteli na ndege. Waliofanyia kazi nyumbani siku nne kwa wiki, kwa miezi tisa, kazi yao ilipanda kwa asilimia 13, na walioacha kazi wakapungua kwa nusu.

Lakini angalia kilichowezesha hayo. Walijitolea wenyewe. Walikuwa wamekaa kazini miezi sita au zaidi. Kila mmoja alikuwa na intaneti nzuri na chumba cha peke yake. Na kubwa kuliko yote, kazi yao ilihesabika: simu ngapi zimepokewa, buking ngapi zimekamilika. Mkubwa hakuhitaji kumwona mtu kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa inaonekana.

Hapo ndipo usimamizi unapobadilika. Meneja aliyekuwa anatazama watu sasa ana jukumu la kuifanya kazi ionekane, na hatua zote zinazofuata zimetoka hapo.

Hatua ya 1: Chambua kazi kwanza, watu baadaye

Chukua karatasi, andika kila kazi inayofanyika mahali pako, kisha uliza: je, hii inahitaji mkono au mguu wa mtu hapa? Mapokezi, jikoni, vyumba, bustani, stoo, walinzi: lazima wawepo. Kujibu barua pepe za wageni, kuandaa ankara, kuagiza bidhaa, kupanga bei za msimu, kurekebisha picha za mitandao: hizo zinaweza kwenda nyumbani. Mara nyingi utakuta mtu mmoja ana kazi za aina zote mbili, na hapo ndipo siku za afisini zinapojipanga zenyewe. Mtu wa ununuzi, kwa mfano, anaweza kuagiza akiwa Barani, lakini siku samaki wanapoletwa lazima awepo mizani ikipimwa.

Usigawanye kwa kuangalia nani unampenda. Wale wasioweza kwenda nyumbani, hasa watu wa jikoni na wa vyumba, watauliza mbona wengine wamepewa. Wana haki ya kuuliza, na jibu lao ni lile karatasi: kazi ndiyo iliyoamua. Kisha watafutie na wao nafuu yao, kama vile kujua zamu zao wiki mbili mapema. Nongwa ya kimya kimya kati ya wa nyumbani na wa kazini huvunja timu kuliko intaneti mbovu.

Hatua ya 2: Weka maandishi

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 10, inataka mkataba utaje mahali pa kazi, au useme kwamba mtu anaruhusiwa kufanyia kazi sehemu mbalimbali. Jambo kama hilo likibadilika, mwajiri anatakiwa kushauriana na mfanyakazi, kurekebisha mkataba na kumwarifu kwa maandishi. Mapatano ya mdomo ya mwaka 2020 hayatoshi.

Katika maandishi hayo taja siku za nyumbani na za afisini, laptopu ni ya nani na ikiharibika nani anatengeneza, na nani analipa bando. Hili la bando lisemwe waziwazi. Mtu anayenunua intaneti kwa pesa zake ili afanye kazi yako anakatwa mshahara bila kuambiwa, na atakwepa mkutano wa video kwa sababu anauona ukila pesa ya chakula. Toa kiasi maalumu cha kila mwezi, kilipwe pamoja na mshahara, usimfanye aombe kila wiki.

Hatua ya 3: Mapatano ya wiki

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wenye majahazi wa pwani hii waliyajua haya kabla ya simu kuwepo. Tajiri alibaki bandarini, nahodha akatweka tanga na kusi kuelekea Arabuni, na kwa miezi mizima hakukuwa na njia ya kumwona. Alichokuwa nacho tajiri ni mapatano ya kabla ya safari: shehena gani, bandari gani, bei isishuke chini ya wapi, hesabu ifanywe lini chombo kikirudi. Mambo ya upepo na mawimbi alimwachia nahodha, kwa kuwa aliye chomboni ndiye aonaye.

Wiki ya kazi ya nyumbani nayo iwe na mapatano yake. Jumamosi au Jumatatu asubuhi, kila mtu apate ujumbe wake. Huu hapa ni mfano wa ujumbe kwa dada wa buking:

"Assalaam aleikum dada, habari za nyumbani? Wiki hii nakutegemea kwa mambo matatu. La kwanza, barua pepe zote za wageni wa Agosti ziwe zimejibiwa kufikia Jumatano saa kumi jioni. La pili, wale wageni wanne ambao hawajalipa amana wapigiwe simu, na mbele ya kila jina uandike walichosema. La tatu, orodha ya vyumba vya Disemba imfikie wakala wa Milano kabla ya saa tano Ijumaa. Punguzo la mpaka asilimia kumi amua mwenyewe. Likizidi hapo nipigie. Kuna lolote hapo ambalo haliwezekani?"

Soma tena ujumbe huo taratibu. Kila jambo lina mwisho unaoonekana: ama zimejibiwa ama hazijajibiwa. Kila jambo lina siku na saa. Kuna mpaka wa uamuzi, kwa hiyo hatakupigia simu mara ishirini kuuliza kama anaweza kumpunguzia mgeni kidogo. Na swali la mwisho linampa nafasi ya kusema mapema, "Meneja, la tatu halitawezekana, bei za Disemba hazijatoka." Hilo ulisikie Jumatatu, usilisikie Ijumaa.

Sasa linganisha na ujumbe ambao mameneja wengi hutuma: "Shughulikia wageni wa Agosti, tafadhali." Ijumaa ikifika yeye ataona ameshughulikia na wewe utaona hakushughulikia, na nyote wawili mtakuwa sahihi.

Kwa mtu wa hesabu mapatano ni rahisi zaidi kwa sababu tarehe nyingi zimewekwa na serikali: kodi ya mishahara ilipwe KRA kufikia tarehe 9, VAT kufikia tarehe 20. Ila usiishie hapo. Ongeza yale yasiyo na tarehe, kama vile daftari letu na taarifa ya benki vilingane, na ankara zote za wiki ziwe zimeingizwa kwenye eTIMS, ule mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Kazi isiyo na tarehe ndiyo inayolala.

Kwa mtu wa matangazo ni vigumu zaidi. Kuhesabu picha alizoweka ni kujidanganya. Patana naye swali: wageni wangapi walioulizia bei wametujua kupitia mitandao? Mtu wa buking awe anawauliza wageni na kuandika. Itachukua muda kupata picha kamili, na ni sawa.

Mambo matatu kwa wiki yanatosha, manne kama ni msimu. Ukiweka kumi na mawili umerudi kule kule kwa kumtazama mtu, safari hii kupitia orodha.

Hatua ya 4: Saa, stima na Ijumaa

Patana saa za kupatikana, na ziwe chache kuliko saa za kazi. Kwa buking, wateja wengi wako Italia, na saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja kipindi cha joto kwao na saa mbili kipindi cha baridi. Kwa hiyo saa nne asubuhi hadi saa sita, kisha saa nane hadi saa kumi na moja, zinafaa kuliko saa mbili kamili ambapo Milano bado wamelala. Nje ya hapo mtu apange siku yake. Kati ya saa sita unusu na saa nane watu wanaswali na kula, na Ijumaa muda huo hauguswi. Ramadhani zungumzeni upya wiki moja kabla ya mwezi kuandama: wengi hupenda kuanza mapema na kumaliza saa tisa, na kuna wanaopenda kumalizia kazi baada ya tarawehe. Kazi za kuandika zinaruhusu hivyo.

Kisha gawanya mawasiliano. La dharura ni simu. La leo ni ujumbe wa WhatsApp. La wiki hii linaandikwa kwenye daftari la kazi, ambalo nitalieleza hapa chini. Meneja anayetuma kila kitu WhatsApp anawafundisha watu wake kwamba hakuna lililo dharura, au kwamba kila kitu ni dharura, na yote mawili ni hasara. Zile tiki mbili za bluu si ushahidi wa chochote. Huenda ameusoma ujumbe mtoto akiwa mgongoni.

Usiku usiandike. Kama wazo limekujia saa nne usiku, liandike kwako, ulitume asubuhi. Sheria ya Ajira inampa mtu angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na siku ambayo simu ya mkubwa inalia haihesabiki kuwa mapumziko hata kama mtu amejilaza mkekani.

Umeme na intaneti visikushtue kila vinapokatika. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilizo chini ya bahari zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota kwa siku kadhaa. Zile za mtaani za kila wiki sizihesabu. Weka kanuni moja inayojulikana na wote: ikipotea, mtu atume SMS ya kawaida ndani ya nusu saa, aseme anahamia wapi au ataanza tena saa ngapi. SMS haihitaji intaneti. Kama afisi ina jenereta au betri za sola, mlango uwe wazi kwa yeyote atakayekuja na laptopu yake bila kuulizwa maswali. Atakayepotea bila SMS ndiye wa kuulizwa.

Hatua ya 5: Daftari moja

Mali bila daftari hupotea bila habari. Afisini habari nyingi husafiri hewani: mtu wa mapokezi anamsikia wa buking akisema mgeni wa Jumamosi ni mzee na hapandi ngazi, anampa chumba cha chini. Nyumbani hakuna aliyesikia. Mgeni anafika na fimbo yake, chumba kiko ghorofa ya pili.

Kwa hiyo kila kinachomhusu zaidi ya mtu mmoja kiandikwe sehemu moja ambayo wote wanaiona. Jedwali la kawaida la Google linatosha, huhitaji programu ya kulipia. Safu zake: jambo, mwenye jambo, tarehe, limefika wapi, linasubiri nani. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani kwako. Ukifungua jedwali asubuhi, ianze hiyo, kwa kuwa mara nyingi jina utakalolikuta limeandikwa hapo ni lako. Ankara inasubiri sahihi yako. Bei inasubiri neno lako. Meneja wa mbali anayechelewa kujibu anafunga kazi ya watu watano kwa pamoja, na hakuna wa kuja kusimama mlangoni kumkumbusha.

Yaliyoamuliwa kwa simu yaandikwe pia, mstari mmoja tu: "Tumepatana na dada kwamba kikundi cha watu kumi kinalipa amana nusu." Sauti za WhatsApp za dakika tano zisihesabiwe kuwa maandishi. Hakuna atakayezisikiliza tena mwezi ujao.

Hatua ya 6: Nusu saa ya mtu na mtu

Mara moja kwa wiki, kila mtu apate nusu saa yako, kwa simu, siku na saa ile ile. Jedwali limeshakuonyesha kazi imefika wapi, kwa hiyo usiitumie kuuliza hilo. Uliza kinachozuia. Hivi ndivyo yanavyokwenda mazungumzo mazuri kati ya meneja kijana na mama wa hesabu:

— Shikamoo mama.

— Marahaba mwanangu, hujambo?

— Sijambo mama. Naona hesabu ya benki imesimama kwenye ankara za mwenye mboga. Imekuwaje?

— Karatasi anazo mtu wa stoo. Nimemwandikia mara tatu, kila siku kesho.

— Hilo niachie mimi, leo saa nane zitakufikia. Kuna lingine linalokuzuia?

— Lingine dogo tu, mwanangu. Hawa watoto wa buking wananipigia kutwa kuuliza nani amelipa. Nikianza kujumlisha, simu. Nikianza tena, simu.

Hilo "lingine dogo tu" ndilo ulilolifuata. Mama hakuwa mvivu wala mzito, kazi yake ilikuwa inakatizwa kutwa nzima, na njia ya kuitibu ni safu moja zaidi kwenye jedwali: amelipa, hajalipa. Kwa macho ya afisini usingeliona, ungemwona mama ameketi mezani anaongea na simu, ungedhani kazi inaendelea.

Kuhusu kamera: usiilazimishe. Kamera ikifunguliwa, mkutano mzima umeingia ndani ya nyumba ya mtu, na nyumbani kuna mama mkwe anapita, kuna dada aliyekaa bila buibui, kuna chumba kimoja chenye kitanda na jiko. Sauti inatosha. Mkutano na mgeni au wakala ukihitaji sura, mwambie siku moja kabla, au aje afisini.

Na mambo ya ndani unayoelezwa katika nusu saa hiyo, ugonjwa wa mzazi, ndoa, deni, yabaki kifuani mwako. Usiyaandike popote. Mwaka 2020 kampuni ya nguo ya H&M ilitozwa faini ya euro milioni 35.3 na msimamizi wa data wa Hamburg, Ujerumani, kwa sababu wakubwa walikuwa wakiandika na kuhifadhi habari za afya na za familia za wafanyakazi wao, nyingine zikiwa zimetoka katika mazungumzo kama haya.

Hatua ya 7: Linda pesa na data, acha kuchunga mtu

Zinauzwa programu za kupiga picha skrini ya mfanyakazi kila dakika chache na kuhesabu mara ngapi amegusa kibodi. Nawasihi mameneja waziache. Mtu akijua anahesabiwa vibonyezo, atabonyeza. Kazi utakayopata ni ile ya kuridhisha kihesabio, na yule mwaminifu aliyekuwa akifikiria jinsi ya kumrudisha mgeni aliyekasirika ataonekana hakufanya kitu. Isitoshe, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka mtu aarifiwe data gani inakusanywa juu yake na kwa sababu gani, na kisikusanywe zaidi ya kinachohitajika. Kumchungulia kwa siri hakupiti hapo.

Pesa ni jambo lingine, na hapa uwe mkali bila aibu. Malipo yoyote makubwa yahitaji watu wawili: mmoja anaandaa, mwingine anaidhinisha. Kila mtu awe na nywila yake kwenye benki na kwenye mfumo wa buking, asiitumie ya mwenzake, na anayeacha kazi afungiwe siku hiyo hiyo. Barua pepe ikija kusema muuzaji fulani amebadilisha akaunti ya benki, hakuna kulipa mpaka mtu ampigie muuzaji kwa namba iliyokuwepo tangu zamani, asitumie namba iliyo kwenye barua ile. Matapeli hupenda afisi ambazo watu wake hawako chumba kimoja, kwa sababu hakuna wa kugeuka amuulize mwenzake, "Hebu nawe, hii umeiona?"

Kuna pia pasipoti za wageni. Picha zake zikizagaa kwenye simu za watu na makundi ya WhatsApp, siku simu moja ikiibwa utakuwa na kesi. Data za watu zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, sheria inakupa saa 72 kumwarifu Kamishna wa Data. Afadhali pasipoti zikae sehemu moja yenye nywila, na zifutwe kwenye simu mara tu zinapopokewa.

Hatua ya 8: Mgeni wa kazi aanzie afisini

Sina la kurefusha hapa. Aliyeajiriwa jana hajui nani amuulize nini, na akiwa nyumbani atanyamaza. Mkae naye afisini miezi ya kwanza, aketi karibu na aliyebobea, asikie simu zikijibiwa. Ctrip walitaka miezi sita, na mimi nakubaliana nao.

Hatua ya 9: Kazi ikilegea

Mapatano yakivunjika wiki mbili mfululizo, usikimbilie kumrudisha mtu afisini kama adhabu. Tafuta kwanza ni lipi kati ya matatu: hawezi, hajui, au hataki. Hawezi: laptopu imezeeka, nyumba ina kelele, kuna mgonjwa. Hajui: alikubali jambo asilolielewa, mfundishe. Hataki: hapo zungumza waziwazi, na mezani mna mapatano yaliyoandikwa, kwa hiyo hakuna "nilihisi" wala "nilisikia".

Ikifika pa kuachishana kazi, kufanyia kazi nyumbani hakumwondolei mtu haki zake. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinataka aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama, na asikilizwe kabla ya uamuzi. Kumfukuza mtu kwa ujumbe wa simu ni kujipeleka mahakamani kwa miguu yako.

Hatua ya 10: Usimsahau asiyeonekana

Utafiti ule wa Ctrip ulikuwa na jambo lingine ambalo wengi hawalitaji. Waliokuwa nyumbani, pamoja na kufanya vizuri, walipandishwa vyeo mara chache kuliko walioonekana afisini wenye kazi ya kiwango hicho hicho. Asiyekuwepo na lake halipo, na meneja asipojihadhari atakuwa anatekeleza methali hiyo kila mwaka. Kabla ya kuamua nani apandishwe, fungua mapatano ya miezi sita ya kila mtu, uyasome, ndipo ufikirie majina.

Siku ya pamoja inasaidia. Utafiti wa pili wa Bloom na wenzake katika kampuni hiyo hiyo, uliotoka mwaka 2024, uliwahusu watu 1,612, karibu nusu yao wakifanyia kazi nyumbani siku mbili kwa wiki na waliobaki wakiwa afisini siku zote. Vyeo na alama za kazi za wale wa nyumbani havikuathirika, na walioacha kazi kati yao walipungua kwa thuluthi. Malindi chagua siku ambayo hoteli haina pilika, Jumanne kwa mfano, na siku hiyo watu wasije kuketi kila mmoja na laptopu yake kimya. Leteni yale yanayohitaji watu: kubishana juu ya bei za msimu, kumtembeza mtu wa buking vyumbani aone godoro jipya analoliuza, kula pilau pamoja na watu wa jikoni.

Mwezi wa kwanza uanze vipi

Usianze na wote. Wiki ya kwanza chukua watu wawili waliokubali wenyewe, weka maandishi na jedwali. Wiki ya pili anza mapatano ya wiki na nusu saa ya mazungumzo. Wiki ya tatu rekebisha saa za kupatikana kwa kuangalia ni lini hasa wageni walipiga. Wiki ya nne waulize hao wawili, na waulize pia wa mapokezi na wa jikoni, nini kimekuwa kizito kwao tangu wenzao waondoke. Halafu ongeza wengine. Aprili na Mei, watalii wakiwa wachache, ndio wakati wa kujaribu, usijaribu Agosti.

Na kuna atakayekuja kukwambia hataki kukaa nyumbani. Nyumba yake ni chumba kimoja, au afisini ndipo mahali pekee anapopata saa tano za utulivu, au ana sababu ambayo hatakwambia. Usimbembeleze wala usimuulize sana. Mpe meza karibu na dirisha na ufunguo wa mlango.